Safu ya Bucha Iliyokataa Kunyooka

Nyinyi vijana mnaoingia idara ya ujenzi na simu zinazopima ukuta kwa mwanga, nimeombwa niwaandikie kidogo kuhusu kazi kabla sijasahau. Sitasahau, lakini nitaandika. Kuna jambo moja ambalo kila nikilikumbuka nataka kuruka juu, na magoti haya hayataki tena habari ya kuruka. Vyeo na mshahara nimewaachia watu wa ofisini. Mimi nataka kuwaambia habari ya ule uwanja wa zamani katikati ya mji wa Embu, na jinsi tulivyokaribia kuunyoosha.

Siku yangu ya kwanza nilifika yadi ya baraza la mji nikiwa nimevaa gauni la kanisani, kwa sababu mama yangu kule Kanja alisema mtu haendi kuandikwa kazi ya serikali akiwa na nguo za shamba. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya mifuko ya simiti wakinywa uji. Mmoja akaniambia, "Mrembo, ofisi ya kuchapa barua iko upande ule." Nikamwambia sijaja kuchapa barua, nimekuja kujenga. Wakacheka mpaka uji ukawapalia. Vizuri sana, nilisema moyoni, palieni tu.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja, msimamizi wetu Mzee Kithaka, Mmbeere wa Siakago, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Alinipa mwisho wa uzi wa ujenzi, akanipeleka hadi uwanjani, akaniweka kwenye kona ya ofisi ya zamani ya DC, mkuu wa wilaya. "Shika hapa chini kabisa, kwenye jiwe la pembe. Usiachilie hata nyuki akikuuma." Halafu akaondoka na bunda la uzi akilifungua, akavuka uwanja wote. Gauni langu likajaa vumbi jekundu, na mimi nikasimama pale nimeinama nimeshika uzi, watu wa soko wananipita wakiniuliza kama nimepoteza shilingi. Ndivyo nilivyoanza kazi.

Ile kona ya DC ndiyo iliyokuwa mwanzo wa kila kitu. Mafundi wote wa mji huo, wa baraza na wa watu binafsi, walipotaka kupima jengo walianzia uzi hapo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ofisi ilikuwa ya serikali, kwa hiyo lazima ilikuwa imenyooka, na lazima ilikuwa ya kwanza. Nami nilifundishwa hivyo, nikafundisha wengine hivyo.

Niwachoree uwanja wenyewe kwa maneno. Upande wa juu kuna hiyo ofisi ya zamani, mawe meusi yaliyochongwa kwa mkono, ngazi pana na tao juu ya mlango. Upande wa kulia kuna maduka yaliyojengwa na Wahindi, yameshikana yote, na veranda moja ndefu mbele yake iliyobebwa na nguzo za mti wa mtarakwa. Ukiinua macho juu ya veranda unaona paji la ukuta lenye maua ya chokaa na maandishi ya Kigujarati ambayo siku hizi hayana wa kuyasoma. Upande wa kushoto ni barabara na mijakaranda. Na upande wa chini, ukitazamana na ofisi, kuna safu ya bucha za Waislamu wa mjini, nyumba ndefu ya chini yenye paa la mabati, na nyuma yake msikiti.

Sasa, ile safu ya bucha ilikuwa imepinda. Sisemi ilikuwa inaanguka, la. Ilikuwa imekaa mshazari. Upande mmoja uko karibu na ofisi, upande mwingine umesogea nyuma, kwa hiyo uwanja wote hauna pembe nne zilizo sawa. Nyinyi mtasema ni kitu kidogo. Mimi ni fundi! Mtu aliyelelewa na timazi na pima maji hawezi kupita hapo kila asubuhi akanyamaza. Nilikuwa nikiiangalia najisikia kuwashwa. Mafundi walisema mzungu aliyeipima alikuwa amelewa. Wengine walisema alipima vizuri, ila waliojenga ndio waliolewa. Ulevi ulikuwa lazima uwepo mahali.

Mzee Kithaka hakuzungumza habari za walevi. Alinifundisha kusoma kuta. "Ukitaka kujua jengo, nenda pale linapokutana na jirani yake," aliniambia. Alinionyesha kona ya juu ya uwanja, pale duka la kwanza la Wahindi linapogusana na ofisi ya DC. Mawe yameingiana kama vidole vya mikono miwili. "Hawa walijengwa pamoja, na mafundi wale wale. Angekuwa mmoja ametangulia, mawe yasingeshikana hivi." Akanionyesha pia kwamba jiwe la ukutani huchongwa uso mmoja tu, ule unaoonekana. Mgongo wake unaachwa na manundu. "Hakuna fundi anayetoa jasho kwa jiwe litakalofichwa," alisema, na hiyo kwake ilikuwa hotuba ndefu.

Niliwahi kupata kazi ngumu za kila namna katika uwanja huo. Zile nguzo za mtarakwa zilipooza chini, tulilibeba paa la veranda kwa jeki huku wenye maduka wakiendelea kuuza vitambaa chini yetu, wamekataa katakata kufunga. Kuna mwaka kampuni moja ilipaka maduka yote rangi ya kijani ya kuumiza macho, mpaka kwenye maua ya chokaa, na sisi tukakaa juu ya ngazi tukikwangua kwa brashi ndogo. Rangi ilipotoka na yale maua yakatokea, majani yake, mishipa ya majani yake, nilipiga kelele juu ya ngazi mpaka mwenye duka akatoka nje akidhani nimeanguka. Mtu aliyekaa akachonga mishipa ya jani mahali ambapo ni ndege tu wataiona, huyo nampenda bila kumjua.

Mzee Kithaka alistaafu, akarudi Siakago kwa mbuzi zake, na usimamizi nikapewa mimi. Kaunti zikaja, baraza la mji likabadilika jina na magari. Kwa miaka hiyo yote nilinunua nyama kwa Mzee Marjani, kwenye ile safu iliyopinda. Duka lake lilikuwa la mwisho, upande wa maduka ya Wahindi. Babu yake alikuja na misafara ya askari wa kwanza wa Waingereza akitokea upande wa Sudani, akaoa Mmbeere, na wote wakakaa hapo hapo wakiuza nyama, mtoto baada ya baba. Kila nikiingia nilimtania, "Mzee Marjani, hii nyumba yako utainyoosha lini?" Naye alinijibu bila kuinua kichwa, "Siku utakayonunua nyama bila kuomba mfupa wa nyongeza."

Ndipo kaunti ikamleta Kanana. Huyu alikuwa msanifu majengo, msichana wa Meru, wa kule Nkubu, mchangamfu, anatembea haraka kama anayefukuzwa. Alichora mpango wa kuufanya uwanja upya: vitofali vya sakafu, viti, maua, taa. Nilipoona mchoro moyo wangu uliruka kwa furaha, kwa sababu uwanja ulikuwa mraba kamili. Halafu nikaona umekuwaje mraba. Safu ya bucha haikuwepo.

"Lazima itoke, Mama," Kanana aliniambia. "Inaharibu umbo lote. Na watapewa vibanda vipya."

Vibanda vyenyewe vilikuwa nje ya mji, njia ya kwenda stendi mpya, mahali ambapo hata mbwa hapiti kutafuta mfupa. Nilikwenda kumwambia Mzee Marjani mwenyewe, nikiogopa asije akazisikia habari hizo kwa watu. Alikuwa ananoa kisu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakiweka kisu chini taratibu.

"Baba yangu alifia kwenye hilo benchi unalokalia," alisema. "Alikuwa anapumzika kidogo. Sasa fundi, nikienda huko kwa vibanda, nani atanijua? Mimi si mtu wa kuanza tena. Nikitoka hapa nimekwisha, na nyinyi mtasema Marjani alikufa kwa uzee."

Nilikuwa nimeomba kwa miaka safu ile inyooke, na sasa inanyooshwa nikaona uchungu wa kweli. Nikatoka bila kuomba mfupa.

Kazi niliyopewa ilikuwa hii: kabla tingatinga halijaja, nitenganishe bucha ya mwisho na duka la mwisho la Wahindi, kwa sababu kuta zao ziligusana, na bila kuzitenganisha tingatinga lingeondoka na vyote viwili. Mzee Marjani alikuwa ameshang'oa ndoano zake za nyama ukutani kwa hasira, ukuta umebaki na mashimo, na gogo lake la kukatia liko nje juu ya mkokoteni. Niliingia duka la Wahindi kwa upande wa ndani. Chumba hicho cha mwisho kilikuwa na kona nyembamba ambayo hata ufagio haukuingia, kwa sababu ukuta wake ulifuata ule mshazari wa bucha. Nikaanza kubandua plasta konani kwa patasi.

Plasta ilitoka kipande kikubwa. Nyuma yake ukuta wa duka ulikuwa mwembamba, mawe ya kuzibia tu, nikatoa moja, nikatoa la pili. Nikamulika kwa tochi. Na hapo, ndani ya giza, ukuta wa bucha ukaniangalia.

Ulikuwa na uso! Mawe yake yalikuwa yamechongwa vizuri upande ule, yamesawazishwa, viungo vimejazwa kwa ustadi, na juu yake kulikuwa na chokaa nyeupe iliyopigwa na mvua mpaka ikawa na michirizi. Mvua! Ndani ya jengo! Nilisimama pale nimekodoa macho. Ukuta ule uliwahi kuwa nje, peke yake, unanyeshewa, kabla ya kuwepo duka lolote la Mhindi pembeni yake. Duka lilikuja baadaye likajiegemeza, na fundi wake akalipinda ili limfuate jirani aliyemkuta. Na maduka yale na ofisi ya DC vilijengwa pamoja, mawe yameingiana. Basi bucha zilikuwa za kwanza. Zilikuwa hapo kabla ya ofisi!

"Kanana!" nilipiga kelele. "Kanana wee! Acha hiyo simu uje uone!"

Alikuja mbio akidhani nimeangukiwa na jiwe. Nikamsukumia kichwa kwenye tundu na tochi mkononi. Halafu nikasikia sauti yake kutoka ukutani, "Wacha! Mama, wacha! Huu ni uso wa nje!" Akatoa kichwa nywele zimejaa chokaa, akanishika mikono, tukaanza kurukaruka kwenye hilo duka la watu, mimi na magoti yangu. Mwenye duka akatutazama tu. Mzee Marjani akatokea mlangoni, uso umekunjamana. "Sasa nyinyi mnasherehekea nyumba mnayoibomoa?"

Tukamweleza, tukipokezana maneno. Hakuruka. Alisema, "Mimi nilijua ni ya zamani. Lakini ya zamani ndiyo hubomolewa." Na kweli, hapo ndipo furaha yetu ilipopata breki. Kanana alisema wakubwa watauliza swali moja: kama ilijengwa kwanza, mbona ikajengwa imepinda? Jengo lililokosewa ni lililokosewa hata likiwa la kale. Tingatinga lilikuwa lije mwanzoni mwa wiki iliyofuata, na kamati ya kaunti ilikuwa ipite Ijumaa kukagua mara ya mwisho.

Tukafukua sakafu ya bucha ya Mzee Marjani. Mwenyewe alikubali, akasema imeshaharibika hata hivyo. Chini ya simiti tulipata udongo, na chini ya udongo tukapata jiwe moja pana, laini kwa kukanyagwa, na kwenye ukingo wake mfereji uliochongwa ukitelemka kuelekea nje. Niliufuta kwa kitambaa. Nikapiga magoti nikaweka uzi juu ya ukingo wa lile jiwe, nikaona ukuta wa bucha umekwenda sambamba nalo, bila kupotea hata unene wa kidole. Nyumba yote ilikuwa imelifuata jiwe. Lakini jiwe nalo lilimfuata nani?

"Hapa palikuwa pa kuchinjia," Mzee Marjani alisema. Alikuwa ameingia kwenye shimo bila sisi kumwona, akavua viatu. Akainama, akaanza kuonyesha kwa mikono kama aliyesahau kwamba tupo. "Mnyama analazwa hivi, ubavu wa kushoto. Miguu huku. Shingo inakuja hapa kwenye mfereji. Na uso..." Akanyoosha mkono. Akageuka akatazama ukuta wa nyuma, upande wa msikiti, na sauti ikabadilika. "Kibla. Fundi, amelazwa kuelekea kibla. Hawakupinda hawa. Walielekea!"

Nilichukua uzi nikatoka mbio. Nyuma ya bucha kuna kichochoro kati yake na msikiti, kimejaa matangi ya maji na kuni, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuziona kuta hizo mbili kwa pamoja, na mlango wa msikiti uko mtaa mwingine kabisa. Tuliondoa kuni, Kanana na mafundi wangu na vijana wa msikitini, kila mtu anatupa. Nikashika uzi kwenye ukuta wa bucha, Kanana akauvuta mpaka ukuta wa msikiti, tukaukata hapo hapo kwa kipimo hicho. Halafu tukaubeba ule uzi mpaka mwisho mwingine wa kichochoro. Nikaushika ukutani. "Vuta," nikamwambia. Akavuta. Uzi ulikaza ukagusa ukuta wa msikiti, haukubaki na haukupungua. Kuta mbili zilizojengwa na watu tofauti, wakati tofauti, zote zimegeuzia uso sehemu moja, upande wa Makka. Mzee Marjani alikuwa amesimama katikati ya kichochoro machozi yanamtoka, na mimi mtoto wa kanisa la Kanja nikawa nalia pia, sijui nalia nini.

Kamati ilikuja Ijumaa. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja wa Manyatta, mtu wa kuangalia saa kila baada ya sentensi. Kanana aliyechora mpango ndiye aliyesimama kuupinga, na sijui kama nyinyi mnaelewa inahitaji moyo wa namna gani. Alisema, "Mimi niliukosea huu uwanja. Nilidhani safu hii imeharibu umbo. Safu hii ndiyo umbo lenyewe." Akawapeleka kwenye tundu la ukuta, akawapeleka kwenye jiwe, akawapeleka kichochoroni.

Mwenyekiti alikuwa na uso wa mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Kwa hiyo mnataka niende niwaambie watu mji wao ulianzia kwa bucha?"

"Watu walikula kwanza, mheshimiwa," nikamjibu. "Ofisi ilikuja baadaye."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono, akaomba uzi. Alienda mwenyewe mwisho wa kwanza wa kichochoro, akapima, akaenda mwisho wa pili, koti lake likachafuliwa na matangi, akapima tena. Alirudia mara nyingine. Tulisimama pembeni, Mzee Marjani ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Mwishowe mwenyekiti akauangalia uzi, akamwangalia Mzee Marjani, akasema, "Rudisha gogo lako ndani, mzee. Hapa hakuna atakayekutoa." Halafu akamgeukia Kanana akamwambia achore upya, na safari hii hakutazama saa.

Sitaeleza kelele zilizopigwa. Waislamu walipiga takbiri, wamama wa soko wakapiga vigelegele bila kujua ni vya nini, mimi nikamkumbatia mwenyekiti wa kamati, jambo ambalo utumishi wa umma hauruhusu.

Sakafu ya uwanja ndiyo ikawa kazi yangu kubwa ya mwisho. Mafundi walipotaka kuvuta uzi wa kwanza walienda moja kwa moja kwenye kona ya DC, miguu imezoea. Nikawaita, "Rudini hapa!" Uzi wa kwanza tuliuanzisha kwenye jiwe la kuchinjia, na vitofali vikaufuata mstari kwa mstari kupanda juu, mpaka vikafika kwenye ngazi za ofisi ya zamani na kuzikuta ziko mshazari. Tulikata vitofali vya mwisho vipande vipande kuzifuata ngazi. Watu wanaopita sasa hunyoosha kidole juu, wanacheka, "Hii ofisi ya serikali nani aliipinda?" Na ukitafuta mahali pazuri pa kutazama uwanja wote, simama mlangoni pa bucha asubuhi.

Wiki yangu ya mwisho kazini Mzee Marjani alinijia na ndoano mpya ya chuma. Zile za zamani alizozing'oa zilivunjika, na mashimo yalikuwa yamepanuka. Mafundi wangu walitaka kuifanya kazi hiyo wao, nikawafukuza. Nilisafisha shimo moja mpaka ndani, nikalilowesha, nikaiweka ndoano na mchanganyiko wa chokaa niliouponda mwenyewe, nikaichomekea vipande vya mawe pande zote, nikamwambia asiiguse mpaka nimruhusu. Siku ya kuniaga, baada ya keki na hotuba pale ofisini, nilipita kwake na nguo zangu nzuri. Nikaipiga ile ndoano kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. "Haya," nikamwambia, "ijaribu."

Nilidhani atatundika mguu wa mbuzi. Mzee Marjani alipanda juu ya gogo lake, akaishika ndoano kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia hapo, miguu yake ikielea hewani, kofia imemwanguka, anacheka kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya uwanja, "Imeshika, fundi! Njooni muone! Imeshika!"